Yowe Lililopitia Kwenye Seva

Wamemuua. Wasomaji wangu mtanisamehe kwa kuingia bila hodi, lakini jambo hili halipambiki: yule mtengeneza programu wa kijiji cha Mugoma, kule mpakani, rafiki yangu, amekatwa mapanga na wezi wa ng'ombe uani kwa wazazi wake, jua halijazama. Nina hasira, na leo sitaificha.

Nilimfahamu alipokuwa akichagua fremuweki ya JavaScript, yaani mifupa ya programu ya kujengea API, yaani mlango ambao seva yake hupokelea maombi kutoka kwenye simu. API hiyo ilikuwa na kazi moja: anayevamiwa abonyeze simu, nayo seva iwatumie ujumbe majirani wote na mgambo. Wenzake wa mjini huchagua fremuweki kwa sifa za mtandaoni. Yeye alichagua kwa kipigo. Aliimiminia seva maombi mpaka ikasongwa, akachomoa waya wa umeme kazi ikiendelea, akaitumia ujumbe mbovu makusudi. Fremuweki moja, tamu sana kuandikia, ilikufa palepale pamoja na kila ujumbe iliokuwa imebeba. Aliitukana, akaifuta. "Hii ingeniulia watu," aliniambia. Nyingine iliyumba, ikainuka, ikatuma ujumbe wote uliokwama. Akaichukua hiyo.

Kule kwao yowe likipigwa, kila anayelisikia hulipokea kwa yowe lake huku akitoka mbio na panga. Asiyetoka huulizwa kesho yake, na pengine hutozwa pombe. Programu ilipoanza kutumika, mama yake alifurahi kuliko wote. "Afadhari, mwanangu," alisema. "Koo rangu rimechoka." Kijiji kikaacha kupiga yowe.

Wezi walipoingia, alibonyeza. Mwenzake anayeangalia seva ameniapia kuwa ujumbe ulifika kwenye kila simu. Majirani waliusoma. Kila mmoja akatega sikio ndani mwake, akasikia kimya, akaogopa kutoka peke yake. Mmoja alimjibu: "Pole kaka, tunakuja." Walimkata mkono kwanza, ule wenye simu, kisha shingo. Mama yake alipotoka shambani na kukuta damu, alipiga yowe, na hapo ndipo milango ikafunguka kilima kizima. Ng'ombe walikuwa wameshavushwa mpaka.

Sitailaumu fremuweki, ilifanya yote aliyoitaka ifanye. Alichosahau kukipima ni sisi. Nyie mnaoandika programu za kuokoa watu, zipigeni mpaka zivunjike kama alivyofanya. Kisha acheni kompyuta, nendeni kijijini, mbonyeze, halafu msimame uani muone ni nani anayetoka.