Mwana Hiti Ndani ya Kioo

Mume wangu alifariki mwezi wa Machi mwaka 1949, nami nikakaa eda nyumbani kwetu Marui, Kisarawe, hadi Julai. Katika muda huo sikutoka wala sikuonana na wanaume wa nje. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyepokea wageni. Nilipomaliza eda nilimkuta mwana hiti hayupo darini.

Mwana hiti wetu ni sanamu ndogo ya mti, isiyo na mikono, niliyoachiwa na bibi mzaa mama. Mwali wa ukoo wetu anapowekwa ndani hupewa amlee: humwogesha, humpaka mafuta, humchana nywele, ili naye aje kuzaa. Binti yangu alikuwa amevunja ungo, na wazee walikuwa wakiningoja mimi tu.

Shemeji alieleza kwamba mtu wa nyumba ya makumbusho ya mjini alimwazima ili amtazame. Nikamuuliza kwa nini mtu huyo alichagua miezi ambayo mimi siwezi kufika mlangoni. Akasema nimekuwa na maneno mengi tangu nifiwe.

Nikapanda lori pamoja na wifi yangu mkubwa hadi Dar es Salaam. Jengo lenyewe lilikuwa jipya, si mbali na bandari, na tangu nilipoliona sikuliamini. Lilikuwa na kuba na matao kama msikiti, lakini hapakuwa na mahali pa kutawadhia. Milango ilinakshiwa kama ya matajiri wa pwani, lakini hapakuwa na baraza ya mgeni kukaa. Madirisha yaliwekwa juu mno, kana kwamba waliomo ndani hawakutaka kuonekana wanafanya nini. Hata hivyo kuba ni kuba. Tulivua viatu kizingitini, tukajitanda kanga vizuri.

“Mama zangu, vaeni viatu,” mlinzi alisema. “Hapa hapaswaliwi.”

“Kama hapaswaliwi,” wifi akamjibu, “jengo limevaa kilemba cha nini?”

Mwana hiti nilimwona katika chumba cha pili, ndani ya kabati la kioo. Nilimtambua kwa shanga nyeupe alizofungwa shingoni na mama yangu. Mti ulikuwa umepauka kwa kukosa mafuta. Nilimtaka mlinzi afungue. Alisema ufunguo anao bwana mkubwa, na kwamba kitu kikishaingia humo hakitoki. Nikamwomba basi anisomee kikaratasi kilichowekwa chini yake.

“Mwanasesere,” akasoma. “Huchezewa na watoto wa Kisarawe.”

Nilijua ananidanganya ili niondoke.

Agosti binti yangu aliwekwa ndani na gunzi la muhindi, kama wafanyavyo wasio na mwana hiti. Mimi, ambaye bibi yangu alikuwa akiombwa mwana hiti huyo na jamaa wa vijiji vitatu, nililipaka gunzi mafuta kwa mkono wangu kabla ya kumkabidhi. Hadi alipojifungua salama, Novemba 1952, sikuwa na raha. Shemeji alipokuja kutoa pongezi, nilimpokea nikiwa nimesimama mlangoni.

Mwaka 1954 nilijiunga na kisomo cha watu wazima. Wenzangu walidhani nataka kusoma barua. Januari 1956 nilirudi katika jengo lile, nikaingia na viatu vyangu hadi chumba cha pili, nikausoma mstari wa Kiswahili wa kikaratasi kile neno kwa neno, kisha nikaurudia.

Mlinzi alikuwa amesoma sawasawa.