Udi Niliouzibia Ndani ya Pikapu

Nnajicheka mwenyewe kwanza, nyinyi mtafuata.

Pikapu yangu hubeba samaki wa Chwaka. Juzi ilinibidi nimpeleke mkwe wangu, Bi Zuhura, anayekaa kwetu, harusini Amani. Nikaiosha, nikaifukiza udi, nikapandisha vioo. Nyuma ya kiti nikaona vitundu viwili vya kutolea hewa. Nikasema, udi wangu utapotelea hapa! Nikachukua kitambaa kwenye kapu la nguo, nikakichana, nikaviziba vyote.

Bi Zuhura akapanda. Mlango ukakataa kufunga.

"Vuta kwa nguvu, mama!"

Akavuta, ukarudi. Nikashuka, nikaubamiza mpaka majirani wakatoka, huku nikimlaani fundi aliyeutia grisi.

Mkwe wangu akashusha kioo kidogo, akauvuta mlango taratibu. Ukafunga.

"Hewa haikuwa na pa kutokea, mwanangu. Umeziba wapi?"

Nikamwonesha. Akavichomoa vile vipande viwili, akavilaza juu ya kanga aliyojitanda. Rangi ile ile, maua yale yale.

"Pacha yake nimeitafuta asubuhi nzima," akasema. Kisha akainusa. "Lakini kunukia, inanukia."