Mama Mirija, fundi anayezuia mota za paa zisizame

Saa moja asubuhi, miguu miwili yenye soksi imechomoza kwenye mlango wa gari jekundu. Mwenye miguu hiyo amelala kiubavu nyuma ya kiti cha dereva. Kurunzi ndogo ameibana kwa meno, na mkono wake wa kushoto umezama hadi begani ndani ya tundu ambalo wengi wenye magari ya namna hii hawajui hata kama lipo.

Anapapasa. Anatulia. Anapapasa tena. Kisha anatoa kurunzi mdomoni na kusema, "Nimekipata."

Anachokivuta ni donge jeusi la ukubwa wa ngumi ya mtoto: majani yaliyooza, vumbi lililogeuka tope, nywele, na vipande vya karatasi za kung'aa, zile wanazorushiwa maharusi. Papo hapo, chini ya gari, karibu na gurudumu la nyuma, maji ya rangi ya chai yanaanza kumwagika juu ya saruji. Yanatoka na kutoka, utadhani mtu amesahau bomba.

"Haya, mwanangu, jisaidie," fundi analiambia gari huku akilipapasa ubavuni. "Ulikuwa umebanwa muda mrefu."

Mwenye gari, dada wa miaka thelathini hivi ambaye kazi yake ni kuwapeleka maharusi ukumbini, ameshika kichwa.

"Mama, maji yote hayo yalikuwa ndani ya gari langu?"

"Yote. Na mota yako ya paa ilikuwa inaoga humo humo."

Wateja wanamwita Mama Mirija, na yeye analipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Ana miaka hamsini na mbili. Karakana yake ni uwanja wa nyuma wa nyumba anayoishi, wenye bati moja refu la kuzuia jua, cherehani ya kushonea vitu vizito, meza ya mbao na magari mawili, matatu yanayosubiri zamu. Hatengenezi injini. Hagusi breki. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuhakikisha maji yanayoingia kwenye gari la kukunja paa yanatoka.

Gari la aina hiyo lina paa la turubai linalojikunja lenyewe ukibonyeza swichi. Kinacholiendesha ni mota ndogo, haizidi chupa ya soda, inayosukuma mafuta kwenye mikono ya chuma iliyoshika paa. Mvua ikinyesha, maji huteremka juu ya turubai hadi kwenye mfereji wa nyuma, yakaingia kwenye mirija miwili ya mpira, mmoja kila upande, na kutokea chini karibu na magurudumu.

Tatizo ni kwamba kwenye baadhi ya magari mota imewekwa pembeni, chini kabisa, palepale mrija unapopita. Mrija ukiziba, maji hayana pa kwenda. Yanajaa kidogo kidogo, mvua baada ya mvua, na mwenye gari hana habari mpaka siku anayobonyeza swichi na paa likagoma.

Kwa dada wa maharusi, siku hiyo ilikuwa Jumamosi iliyopita. Bibi harusi alikuwa kiti cha nyuma na shela lake, wingu likatanda, paa likakataa kufunga. "Nilibonyeza mpaka kidole kikaniuma," anasimulia. "Bwana harusi akavua koti akamfunika mwenzake. Walicheka, Mungu awabariki. Lakini mimi nililia. Jumamosi hii nina harusi nyingine, na wale wa wiki ijayo wameshaanza kuuliza kama gari ni zima."

Mama Mirija anafungua boliti mbili, anaingiza tena mkono na kuitoa mota yenyewe. Anaitikisa sikioni. Inalia chubwi, chubwi, kama nazi.

"Itapona?" dada anauliza.

"Siwezi kukudanganya. Kwa kumi ninazozitoa kwenye maji, sita zinaamka. Nne ndiyo basi tena." Anageuka na kuita kuelekea kwenye bati. "Mzee! Mgonjwa wako huyu!"

Anayeipokea mota ni mume wake, fundi bomba aliyeacha kupanda ngazi za watu tangu alipoanguka miaka miwili iliyopita na kuumia mgongo. Sasa anafanya kazi ameketi. Anaifungua mota, anapangusa kila kipande kwa kitambaa, anakwangua kutu kwa brashi laini, kisha anavipanga vipande kwenye sinia na kuviweka juani. Vikae hapo mpaka saa sita, anasema, na asiviguse mtu.

Wakati vipande vinakauka, Mama Mirija anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kueleza alivyoingia kwenye kazi hii. Anaeleza bila uchungu, ingawa sehemu fulani anaipita haraka.

Baba yake alikuwa akishona maturubai ya malori, naye alijifunza sindano akiwa bado anavaa sare za shule. Baadaye aliajiriwa kwenye gereji moja kubwa, akishona viti na mapaa. Alikaa huko miaka kumi na moja. Kisha, miaka sita iliyopita, akaja daktari wa meno na gari lake la kukunja paa. Turubai lilikuwa limechanika, na Mama Mirija alilishona jipya kwa siku tatu.

"Mshono ule niliufanya kwa mikono yangu miwili, nikaupaka nta mara mbili," anasema. "Niliuona unavyokaa. Nilijua."

Wiki mbili baadaye mvua zilinyesha mfululizo, na paa la daktari likakwama. Mota ilikuwa imekufa kwa maji. Mwenye gereji hakuuliza mara mbili. Alimsimamisha mbele ya mafundi wote na kumwambia mshono wake unavuja, ameharibu mota ya mteja, na asirudi kesho.

"Si kufukuzwa kulikoniumiza. Ni lile neno, unavuja. Nilirudi nyumbani nikaifunika cherehani kwa shuka. Mwezi mzima sikuigusa. Mtu akiniletea suruali ya kupunguza, namwambia cherehani mbovu."

Mume wake anadakia kutoka kwenye sinia lake. "Mbovu wapi! Mbovu alikuwa yeye. Alikuwa anakoroga uji mpaka unashika sufuria."

"Na wewe uliula."

"Ningefanyaje? Njaa haina macho."

Ni huyu mzee, siku moja wakila chakula cha mchana, aliyeuliza swali lililobadilisha mambo. Katika kazi yake ya mabomba alikuwa ameona nyumba nyingi zilizofurika, na kila mara wenye nyumba walihangaika kutafuta maji yalikoingilia. Akamuuliza mkewe, "Wote mnauliza maji yameingilia wapi. Je, yalitakiwa yatokee wapi?"

Mama Mirija aliweka kijiko chini. Kesho yake alivaa gauni lake zuri, akabeba birika na gazeti la zamani, akaenda nyumbani kwa daktari wa meno.

"Alinifungulia mlango mwenyewe. Akaniangalia, akasema, mama, umekuja kumalizia kilichobaki? Nikamwambia, daktari, nipe nusu saa. Nikikosea, nitafuata njia yangu na hutaniona tena."

Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mti uani, paa limefungwa. Mama Mirija alitandaza kurasa za gazeti juu ya viti, chini ya mshono wote. Kisha akamimina birika la maji juu ya turubai, taratibu, akajaza tena na kumimina tena. Daktari alisimama mikono imekunjwa. Upande wa kulia, maji yalichuruzika chini karibu na gurudumu. Upande wa kushoto, hata tone.

Walifungua mlango. Gazeti lilikuwa kavu.

"Nilimpa alishike mwenyewe. Akaligeuza ukurasa kwa ukurasa kama anatafuta tangazo."

Walipoondoa zulia na kifuniko cha upande wa kushoto, waliikuta mota imelala kwenye dimbwi la maji ya kahawia. Kwenye mdomo wa mrija kulikuwa na majani ya mti ule ule waliosimama chini yake. Yalikuwa yameshikamana kama sabuni ya kipande.

Daktari alimkaribisha ndani, akamwandalia chai mwenyewe, na kumwomba radhi mbele ya mke wake. Siku hiyo hiyo aliipigia simu gereji. Mwenye gereji alijibu kwamba yaliyopita yamepita, akakata. Mama Mirija anaposimulia hapo anainua mabega tu.

"Nilisikia vibaya kidogo. Lakini gazeti lilikuwa kavu. Hilo lilinitosha."

Mota ya daktari haikupona. Alipoleta nyingine iliyotumika, Mama Mirija alikataa kuirudisha shimoni. Alirefusha nyaya na mipira ya mafuta kwa msaada wa mume wake, akaihamishia kwenye buti, juu, pakavu. Ili isipige kelele, aliishonea mfuko wa turubai wenye sponji ndani, mdomo ukiangalia chini ili hata maji yakifika yasipate pa kukaa. Ndipo shuka ikatoka juu ya cherehani.

Daktari alimweleza mgonjwa mmoja, mgonjwa akamweleza shemeji yake. Mwaka jana Mama Mirija alihudumia magari arobaini na matatu. Kati ya hayo, ishirini na nne yalifika mota zikiwa bado nzima, yakahitaji kusafishwa mirija tu. Namba hiyo ndiyo anayoitaja kwa fahari, ingawa kusafisha mirija kunamwingizia kidogo sana ukilinganisha na kuhamisha mota. Mota mpya ya paa, kwa bei za madukani, inazidi anachopata kwa miezi minne.

"Mke wangu ana biashara ya ajabu," mzee analalamika, lakini anatabasamu. "Mteja akija anafundishwa jinsi ya kutorudi."

Saa sita inafika. Mzee anaunganisha vipande, anafunga boliti, anampa mkewe. Mama Mirija anaingiza mota kwenye mfuko mpya alioushona asubuhi hiyo, anaipachika kwenye buti na kuunganisha nyaya na mipira ya mafuta aliyoirefusha. Mwenye gari anaketi kwenye usukani.

"Bonyeza."

Kimya.

"Usiachie haraka. Bonyeza, hesabu mpaka tano, achia. Tena."

Kimya tena. Dada wa maharusi amefumba macho. Mama Mirija anainamia buti, anaisukuma plagi moja kwa kidole gumba mpaka inalia *tak*. "Mara ya mwisho, mwanangu."

Kutoka kwenye buti unasikika mkoromo, kama mzee anayeamshwa usingizini. Paa linatikisika. Linainuka kwa shida, linasita katikati, kisha linajikunja lote na kutua mahali pake. Dada anaruka nje na kumkumbatia fundi pamoja na grisi yake yote.

"Taratibu, nguo zako!"

"Acha zichafuke, mama! Acha zichafuke!"

Lakini haondoki bado. Mama Mirija anampa waya wa plastiki, ule laini wa mashine za kukatia nyasi, na kumfanya apige magoti nyuma ya kiti autafute mrija mwenyewe. Waya wa chuma ni marufuku, anamwonya, unatoboa mpira. Kila mwezi apitishe waya, amimine kikombe cha maji, aangalie chini ya gari. Dada anamimina. Maji yanatokea kwenye saruji, safi, kulia na kushoto.

"Umeona? Sitaki kukuona hapa tena. Nialike kwenye harusi yako tu."

Gari linapoondoka, Mama Mirija anavuta turubai lililofunika kitu kikubwa kwenye kona ya uwanja. Ni nusu ya nyuma ya gari bovu, alilolinunua kama chuma chakavu na kulikatisha katikati. Amelisafisha, amelipaka rangi nyeupe, na mahali pa mirija ya mpira ameweka ya plastiki angavu ili maji yaonekane yanavyopita kando ya mota mbovu aliyoiacha palepale.

Wiki ijayo anaanza kuwafundisha waosha magari wa mtaa huo, bure, kila Jumatatu. Kumi na mmoja wamekubali kuja. Amewachagua wao kwa sababu, anasema, gari halimwoni fundi mpaka liharibike, lakini mwosha magari hulishika kila wiki.

Mmoja wao, mama aliyeosha magari kwa miaka tisa, amepita leo kuchungulia. Anajaza ndoo, anamimina juu ya nusu gari hilo jeupe, kisha anachuchumaa na kufuata maji kwa macho, kutoka juu, kupitia mrija angavu, hadi yanapodondoka karibu na kiatu chake.

"Kumbe yanapita hapa," anasema. "Miaka yote hii, dada'ngu, mimi nilikuwa napuliza maji tu humo ndani."

"Sasa umejua wewe. Ukiwafundisha wengine wawili, na hao wakafundisha wawili, mwakani nani ataniletea mota iliyozama?"

"Si utakosa kazi?"

"Nikose!" Mama Mirija anacheka, anaiokota ndoo na kuijaza tena. "Haya, mimina upande wa pili. Mara hii mimi nitaziba mrija, na wewe uniambie mota imebakiza muda gani kabla ya kuzama."