Chupa ya Shangazi Emerensiana

Shangazi yangu Emerensiana hakuwa mtu wa kuogopaogopa. Aliwahi kumponda nyoka kwa mchi, na kumjibu karani wa kodi mbele ya watu. Ndiyo maana ilinichukua miaka kuamini kwamba aliwahi kushindwa na chupa.

Mumewe, Likwata, ndiye aliyeitundika juu ya mkorosho katikati ya shamba lao la mihogo, huku nyuma ya mji mdogo wa Mtama. Ndani mlikuwa na zindiko, dawa ya kulinda shamba: mwizi aking'oa shina moja tu, tumbo linamvimba. Wezi waliamini, na shamba halikuguswa. Likwata alipofariki, shangazi akabatizwa pamoja na watoto wake watatu, akaahidi kuachana na dawa. Akaimwaga mtoni. Ila chupa, ikiwa tupu, akairudisha mtini.

Mimi humcheka kwa hilo, lakini njaa haichekeshi. Ilikuwa miaka ile Waingereza wakijenga reli ya kusafirishia karanga za mashamba yao makubwa, vibarua wageni wamejaa kila njia, na mihogo ile ndiyo chakula pekee cha watoto hadi mtama ukomae. Kila alfajiri alisali, akaenda kuishusha chupa, akashindwa, akarudi mikono mitupu.

Jumapili moja katekista Valentini akamsimamisha kanisani. "Mtazameni mama huyu. Ameitupa dawa, na Mungu anamlindia shamba."

Shangazi aliona haya hadi masikio yakamwaka. Kilichomlindia shamba ni woga wa watu, naye alijua.

Kesho yake akaishusha chupa. Kisimani akamwambia jirani yake Kazija, wanawake wote wakisikia, "Chupa ile ilikuwa tupu tangu nilipobatizwa. Hakuna dawa."

"Shoga, una wazimu?" Kazija akasema. "Hata kama ni kweli, si ungenyamaza!"

Siku ya nne akakuta mashina kumi na moja yameng'olewa. Shangazi alikaa kwenye udongo uliofukuliwa, akalia kwa hasira, tena hasira na Mungu mwenyewe. Akaenda nyumbani, akachukua chupa na kamba, akarudi hadi chini ya mkorosho. Pale ujasiri wake wote ulimwishia. Akasema kwa sauti, "Bwana, mimi siwezi. Nishike mkono huu, la sivyo naitundika sasa hivi."

Alisimama hadi jua likawa kali. Kisha akarudi na chupa nyumbani, akaitia mafuta ya taa.

Wezi walikuja tena mara mbili. Mwaka ule shangazi na watoto walikula mlo mmoja kwa siku, na Kazija, huku akinung'unika, aliwaletea mtama wake wa kwanza.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza, "Shangazi, vita ile uliishinda lini?"

"Nani kakwambia nimeshinda?" akasema. "Leo asubuhi nimepita pale kwenye mkorosho, nikatazama juu. Ikabidi nisali palepale."

Kisha akaichukua ile chupa, akaniambia nilete taa aijaze mafuta.