Mechi ya Mwisho Kwenye Barafu Inayoyeyuka

Siku yangu ya kwanza kazini Doha, mwaka 2005, nilitoka kwenye jua la kukausha mate mdomoni, nikapita mlango wa nyuma wa duka moja kubwa, na muda si muda nikawa nimesimama juu ya barafu. Nilikuwa fundi wa vyumba vya baridi vya maua kule Naivasha, kwa hiyo baridi yenyewe haikunishangaza. Kilichonishangaza ni ule weupe. Watoto walikuwa wakiteleza wameshikana mikono, na hakuna aliyeonekana kuona ajabu.

Mhandisi Mkuu, mzee wa Kihindi kutoka Kerala asiyepoteza maneno, alinishusha hadi chumba cha mitambo. "Barafu haitengenezwi juu," aliniambia. "Inatengenezwa hapa. Kule juu unaitunza tu."

Chini ya sakafu ya uwanja yalipita mabomba ya maji ya chumvi, ambayo kompresa, zile mashine za kupozea, ziliyapoza hadi yakawa baridi kuliko barafu yenyewe. Juu yake tulimwaga maji kwa tabaka nyembamba, moja ligande kabla ya kumwaga jingine. Ukiwa na pupa, barafu hushika mapovu na kupasuka. Maji ya kufutia mikwaruzo ya viatu yalikuwa ya moto, maana moto huyeyusha kidogo uso wa zamani ukashikana na mpya. Hayo niliyajua polepole, nikiendesha gari la kulainisha barafu, mzunguko baada ya mzunguko, mwaka baada ya mwaka, hadi wakati mwingine nikasahau kwamba nje kulikuwa na jangwa.

Timu ya taifa ya hoki ya barafuni ilinikuta hapo. Vijana kumi na sita, wengi wao walikuwa wamejifunza kuteleza kwenye uwanja huo huo tangu utotoni. Walifanya mazoezi asubuhi na mapema kabla ya duka kufunguliwa. Nahodha wao, Jasim, karani wa benki, aliniita Abu Daudi kwa jina la kifungua mimba wangu niliyemwacha Kenya. Nilipowasimulia wenzangu tuliokaa nao mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mmoja wao, askari wa lango huko West Bay, alicheka sana. "Buda, unataka kutuambia hawa watu wanacheza kwa barafu? Na hii joto yote?"

Walisafiri mara mbili kucheza ng'ambo, wakafungwa vibaya mara zote mbili. Walirudi wakitabasamu. Nadhani ilitosha kwao kwamba walisimama mstarini wimbo wa taifa lao ukapigwa mahali penye theluji ya kweli.

Kiangazi cha 2013 mtawala alimkabidhi mwanawe nchi. Mambo yalikwenda kimya kimya. Maofisini watu walihamishwa viti, na mkurugenzi aliyeianzisha timu alipelekwa idara nyingine. Punde Kocha, mtu wa Ulaya ya kaskazini, akaletewa barua: shughuli za timu zimesimamishwa hadi itakapotangazwa tena. Aliisomea barafuni, vijana wamemzunguka.

"Tuna mechi Alhamisi na timu ya wageni wanaofanya kazi hapa," Kocha alisema, akiikunja barua. "Nitauliza kama tunaruhusiwa kuaga."

Waliruhusiwa. Tatizo likabaki kwangu, kwa sababu Alhamisi hiyo hiyo kompresa zilipangiwa kuzimwa kwa matengenezo. Nilimwendea Mhandisi Mkuu.

"Tunazima saa nne asubuhi," alisema. "Mafundi wa nje wameshafika."

"Mechi ni saa nane mchana. Nikiongeza unene kuanzia leo, barafu itadumu hadi mechi iishe."

Alinitazama juu ya miwani. "Kumwaga maji ni kazi yako. Sijakukataza."

Siku mbili nilimwaga, nikangoja, nikamwaga tena. Alhamisi saa nne kompresa zilinyamaza. Miaka minane sikuwahi kuusikia uwanja ule ukiwa kimya. Kufikia saa nane ukungu ulikuwa umeinuka kutoka kwenye barafu hadi viunoni mwa wachezaji. Vijana wa timu ya taifa walipita kama watu wasio na miguu, wakielea, wakiitana kwa majina. Hakuna aliyepiga kelele. Hata watu wa dukani waliokuja kuchungulia walisimama wakanong'ona.

Dakika za mwisho walikuwa sare, mbili kwa mbili. Jasim alipiga. Kisahani kile cheusi wanachokigombania kilizama ukunguni kuelekea langoni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya lango, mkononi nina fagio la kusukumia maji. Nilisikia mlio mmoja wa chuma, safi kabisa. Kisahani kilikutwa kwenye dimbwi kando ya mlingoti wa lango.

"Kiliingia?" mwamuzi aliuliza.

Kipa wa wageni, mhandisi wa Kikanada mwenye ndevu nyeupe, aliwatazama vijana waliosimama wakingoja. "Kiliingia," alisema. "Kikaruka kutoka."

Mwamuzi akanigeukia mimi.

"Kipa mwenyewe amesema," nilijibu. "Mimi ni nani?"

Baadaye, akivua kofia yake, kipa aliniuliza taratibu, "Mimi sikuona kitu. Wewe?"

"Nilisikia chuma."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda kuwapa vijana mkono.

Timu haikuitwa tena. Nilistaafu mwaka 2018, nikarudi nyumbani. Vijana wa ufundi huniuliza niliacha nini kule baada ya miaka yote hiyo, nami nakosa cha kuwaonyesha. Kazi yangu iliyeyuka kila ilipotakiwa kuyeyuka. Kuhusu ukweli nimewafundisha wengi: fundi asome kipimo kama kilivyo, asikibembeleze. Nalisema hilo kwa moyo wote, ila kuna siku moja huwa siitaji.

Wiki niliyoondoka Doha, Jasim alinijia na boksi la tende. Mvi zilikuwa zimeanza kumwingia. Tulikaa kando ya barafu tukiwatazama watoto.

"Timu yetu ilishinda mara moja tu, Abu Daudi," alisema. Kisha akanigeukia. "Tulishinda, sivyo?"

"Mlishinda," nilimwambia.