Mbuzi Wekundu wa Mama

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, pale tambarare kati ya Voi na Mwatate, kwa kazi isiyonipa raha. Ndugu yangu alikuwa ameamua kubomoa banda la mbuzi ili ajenge vyumba vya kupangisha, na alitaka niwepo. Sikumpinga. Banda lilikuwa limekaa tupu miaka mingi na mchwa walikuwa wameshamaliza nguzo za upande mmoja. Nilikaa juu ya jiwe, magoti yakiniuma, nikawatazama mafundi wakishusha mabati. Walipong'oa mbao za ndani, harufu ikanijia. Wewe uliyewahi kufuga utanielewa: harufu ya beberu haihami, hata mwenyewe awe ameondoka zamani.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye ranchi ya mzungu mmoja upande wa Tsavo. Mzungu alipofunga virago, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alimwachia baba beberu. Alikuwa mweupe mwenye kichwa chekundu, masikio yakining'inia, kifua kipana kama cha ndama. Watu walimwita mbuzi wa Kaburu, maana asili yake ilikuwa Afrika Kusini. Baba akampandisha kwa majike wetu wa kienyeji, na kila mwaka akawa anawauza wana weupe na kubakiza wale wenye wekundu mwingi zaidi. Alitaka apate mbuzi mwekundu kutoka pua hadi mkia, mwenye mwili wa Kaburu na rangi ya udongo wa Voi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake akila, akinyoa ndevu, akitoka kanisani. Jirani yetu, Mkamba mmoja mpenda mzaha, alimwambia kwamba mchuzi haujui rangi ya ngozi. Baba hakucheka.

Ndoto hiyo ilikuwa ya baba, lakini aliyeibeba kichwani ni mama, kwa debe. Sauti ya kwanza niliyoisikia kila asubuhi ilikuwa ya debe likigonga kizingiti, mama akitoka kwenda kwenye bomba la shamba la mkonge. Alirudi mabega yamelowa, akamimina maji kwanza kwenye karai la mbuzi, kisha kwenye sufuria ya chai. Sikuwahi kumuuliza kwa nini walitangulia mbuzi. Baada ya hapo kulikuwa na kufagia banda, kuokota maganda ya mgunga ya kuwalisha, kuwatoa kupe na kuwaponda kwa ukucha. Jioni alitupondea kimanga, yaani mihogo na maharagwe, na mara nyingi usingizi ulimchukua tonge likiwa bado mkononi. Nyanya, mama yake baba, alikuwa na msemo wake: kazi ya mbuzi haina Jumapili. Aliusema hasa alipomwona mama ameketi.

Kila mwaka kulikuwa na maonyesho ya kilimo Voi. Baba alishapeleka mbuzi mara kadhaa, na kila mara mwamuzi alimsifia umbo kisha akaonyesha kwa kidole doa jeupe tumboni au mguuni. Halafu akazaliwa jike mmoja asiye na doa hata moja. Tulimlea kama mgeni. Siku za maonyesho zilipokaribia, mama alimwogesha kwa sabuni ya mche, akamchonga kwato kwa kisu, akampaka pembe mafuta ya nazi mpaka zikang'aa. Kila jioni, akishaosha vyombo, alimzungusha nyumba kwa kamba ili azoee kutembea bila kuvutwa.

Maonyesho yakafika baba akiwa kitandani, malaria imemkamata. Mama akasema atakwenda yeye. Baba akamwambia kwamba wanawake hawaingii uwanjani na mbuzi, watu watatucheka.  Mama alikwenda kutafuta leso yake nzuri. Baba alipoona hivyo akajifunga blanketi, akapanda nasi kwenye lori la mkonge, akitetemeka njia nzima.

Uwanjani walikuwa wanaume watupu, wenye makoti na buti. Mama aliingia na viatu vyake vya kanisani, yule jike akimfuata taratibu, kamba imelegea. Mimi na baba tulikuwa kwenye ua, tumeshika waya. Mwamuzi, bwana mmoja wa makamo, aliwapapasa mbuzi mgongo, akawafunua midomo, akawainua miguu. Alipofika kwa wetu alikaa sana. Alimzunguka, akainama kutazama tumbo, akasimama.

"Mama, huyu mbuzi ni wa nani?"

Nilijua jibu. Nyumbani sote tulisema mbuzi wa baba, na mama pia. Yeye akatazama mikono yake.

"Ni wangu," akasema.

Mwamuzi akamuuliza jina, na muda si mrefu kipaza sauti kikalitangaza: namba moja. Lilikuwa jina lake la kuzaliwa, ambalo mimi nilikuwa nimelisikia mara chache sana, maana pale kwetu aliitwa Mama Fulani tu. Watu wakapiga makofi. Niliogopa kumtazama baba. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa homa, na macho yake yalikuwa yakimfuata mama.

"Amesema kweli," akaniambia mwishowe.

Tangu siku ile baba akaacha kusema mbuzi wangu. Lakini utepe wa ushindi hauchoti maji. Asubuhi iliyofuata debe liligonga kizingiti vilevile, na likaendelea hivyo miaka mingine mingi.

Kisha, katika miaka ya themanini, mvua zikakata. Bomba la mkonge likafungwa, mama akawa anakwenda mbali zaidi na kurudi amechelewa zaidi. Ng'ombe wa jirani walikufa mmoja baada ya mwingine. Mbuzi wetu walitafuna hata makaratasi. Baba alisihi tuvumilie, damu ile ikipotea hataipata tena. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Nimechoka, baba watoto," akasema. "Si leo tu. Nimechoka tangu zamani. Nitawauza."

Baba aliinama, hakubisha. Mama aliwapeleka sokoni Mwatate wakiwa bado na nyama kidogo. Wengi walipakiwa kwenda Mombasa. Yule jike wa maonyesho, aliyekuwa ameshazeeka, alichukuliwa na mkulima wa milimani kwenye majani.

Asubuhi yake hatukusikia debe. Nilipotoka nilimkuta baba amechutama mekoni, macho yanamtoka machozi kwa moshi, anakoroga uji. Alitupungia mkono tutembee polepole. Mama alikuwa amelala. Jua likapanda, kuku wakatoka, naye bado amelala, akikoroma taratibu. Nyanya alikuja, akasimama mlangoni, akamtazama muda mrefu. Akaondoka bila kusema neno.

Wote watatu wametangulia. Mbuzi wekundu kabisa sijawaona tena kule, na banda nalo sasa ni rundo la mbao. Mimi mwenyewe nimefikia umri ambao mwili huamka umechoka. Katika yote yaliyopotea pale, ningepewa moja tu nichague, ningeomba asubuhi ile: uji wa baba uliounguzwa, nyumba nzima ikinyata, na mama, jua limeshafika kitandani, amelala.