Kidole cha Kuazima

Mama mkwe wangu, pale Endamarariek, hakuwa na kipimo cha joto la uji wa pombe zaidi ya kidole chake cha shahada. Alikitumbukiza kwenye sufuria, akakunja uso, akasema "bado" au "leteni kimea." Basi. Unga wa kimea cha ulezi ukiutia kwenye uji wa moto sana unaungua, hauna kazi tena. Uji ukipoa mno, unachacha kabla haujawa mtamu. Hapo katikati pana nafasi ndogo, na yeye aliipata kila mara. Mimi napika kwenye hoteli ya watalii Karatu mjini, nimeona wapishi wenye makofia marefu, lakini mkono kama ule sijauona.

Kisha sukari ikamwingia, ikaanza kula hisia za vidole. Hakumwambia mtu.

Tulijua siku ya kupika pombe ya harusi ya wifi yangu, binti yake wa mwisho. Nyumbani kwetu bibi harusi haondoki kabla wazee hawajambariki kwa pombe aliyopika mama yake. Ya dukani haibariki mtu. Mama akatumbukiza kidole, akatulia, akasema leteni kimea. Tukatia, tukakoroga, tukangoja. Uji ukabaki mzito vilevile, mwiko unasimama wenyewe, utamu hakuna. Nilionja, nikainamisha macho. Aliniangalia, akajua. Akakitazama kidole chake, kimebabuka na yeye hana habari, machozi yakamlengalenga. Roho iliniuma kweli. Wifi na haraka zake akasema, basi mama mdogo apike. Nikamwambia afunge mdomo.

Mama akainuka, akaingia ndani. Alikuwa na tabia tuliyomtania nayo siku zote, tukimwita bahili: hatii kimea chote, lazima abakize kwenye kibuyu. Akakileta kile kibuyu, akanishika mkono.

"Nipe kidole, mwanangu."

Akakizamisha kidole changu kwenye uji, macho yake usoni kwangu tu. Nikaruka. "Bado," akasema. Tukangoja, akakirudisha. Nikauma meno. "Bado." Mwishowe nikavumilia kwa shida, na kabla sijasema neno akasema, "Hapo. Leteni kimea." Alikuwa anasoma joto kwenye sura yangu, mama yule. Uji ukalainika tukiuona, mwiko ukawa mwepesi, na baadaye ulikuwa mtamu wa kunata midomoni.

Kuchuja kulitaka macho, na macho alikuwa nayo. Maji ya kwanza kupita kwenye gunia yalikuwa na vumbi la unga. Akayarudisha polepole juu ya machicha, ili machicha yenyewe yayachuje. Wifi akauliza kwa nini tunarudia kazi. Mama akayarudisha tena. Gunia hakulikamua kabisa, maana ukikamua tope lote linashuka. Alikinga glasi kwenye jua la mlangoni mpaka akaona vidole vyangu upande wa pili, ndipo akatia chachu.

Siku ya baraka mzee wa ukoo alionja, akamnyunyizia bibi harusi kifuani, akauliza nani kapika. Wifi akanitazama mimi.

"Nimepika mimi," mama akasema. "Kidole nimeazima kwa huyu."

Wazee wakacheka. Mimi nililia. Hadi leo akitaka kupika hunipigia simu mjini: njoo, na huo mkono usije ukauunguza kwenye majiko ya watu.